Hapulizwi Mtu

Ulimsikia. Usiniambie hukumsikia, maana ukuta unaotutenganisha ni wa tofali moja, na mkoromo wa kaka yangu ulikuwa unaupita kama trekta linalopanda mlima. Ulimsikia, ukamgusa mwenzako kwa kiwiko, ukasema, "Jamaa anapasua mbao mpaka ndotoni," mkacheka. Kisha mkoromo ukakatika. Kukawa kimya, kimya kirefu, na hapo ukageukia upande wa pili ukashukuru kwamba angalau sasa utapata usingizi. Kimya kile ndicho kilichokuwa kinamuua. Wewe ulikiita nafuu.

Sikusemi peke yako. Nitafika kwangu pia, subiri. Kiwandani wananiita Jalada kwa sababu sisahau, na jalada likifunguliwa linatoa hata karatasi ambazo mwenyewe angependa zipotee.

Kaka yangu ni mpasuaji wa mbao. Kwa miaka kumi na tisa amesimama mbele ya msumeno wa duara, anausukumia gogo, na upande wa pili anasimama mpokeaji anayezivuta mbao zinapotoka. Mimi nipo mita kumi na mbili kutoka hapo, kwenye meza ya kupangia. Natia alama za daraja kwa chaki: moja kwa mbao safi, mbili kwa yenye fundo, tatu kwa ile ambayo mwenye kiwanda ataiuza kama ya kwanza nikigeuza mgongo.

Mpasuaji mzuri anafanya kazi kwa masikio, ingawa sote tunaziba masikio kwa pamba. Anausikia msumeno kwa viganja. Fundo likiwa bado liko ndani ya gogo, mlio unabadilika kidogo, mikono inajua, anapunguza kasi. Kaka alikuwa hivyo. Wapasuaji wa viwanda vingine walikuwa wanakuja kumtazama. Kisha, yapata miaka minne iliyopita, akaanza kusinzia akiwa wima. Unamwona amesimama, macho yamefunguka nusu, kidevu kinashuka taratibu kama jua la jioni, halafu anashtuka. Anakula chakula cha mchana, kijiko kinabaki hewani. Unamweleza jambo, katikati ya jambo anakuitikia "ee" ya mtu ambaye hayupo.

Wakamwita Pono, kama yule samaki asiyeamka. Mimi mwenyewe nilimwita hivyo, dada yake wa tumbo moja.

Sasa nikwambie habari ya mpira wa upepo. Ng'ambo ya msumeno, upande wa mpokeaji, kuna mpira mwekundu mrefu unaoning'inia kwenye ndoano, umeungwa kwenye kompresa. Kazi yake ni kupuliza unga wa mbao kwenye mashine na kwenye nguo zetu tunapotoka. Ukibonyeza kiwashio chake, upepo unatoka kwa nguvu ya kung'oa kofia. Jumanne moja mpokeaji wake, yule tunayemwita Komedi, alimwona Pono kalala wima na msumeno umezimwa wanangoja gogo. Akauchukua mpira, akamlenga usoni, akabonyeza.

Kaka aliruka. Mdomo wazi, mikono inatapatapa, macho ya mtu aliyevutwa kutoka kisimani. Karakana nzima ikacheka mpaka wengine wakakaa chini. Tangu siku hiyo ikawa sheria ambayo hakuna aliyeiandika. Pono akilala, anapulizwa. Msumeno umesimama au unazunguka, anapulizwa tu. Komedi alikuwa na msemo wake: "Pono wangu, nakuongezea upepo, tairi lako limeisha." Watu wakacheka upya kila mara, kama vile hawajawahi kuusikia.

Na mimi? Ijumaa ya mwisho kabla ya kufunga mwaka, mpira ulikuwa umevutwa mpaka karibu yangu. Nikaubonyeza. Mkono huuhuu unaoandika. Alifumbua macho akaniona ni mimi. Alijifuta uso kwa mkono wa shati akarudi kwenye gogo. Hilo la shati sijalisahau.

Zaidi ya mpira wa upepo kulikuwa na daftari la kijani la msimamizi. Ukiandikwa mara tatu kwa kusinzia kazini, unakwenda nyumbani. Kaka alikuwa ameandikwa mara mbili. Msimamizi alipenda kulipiga daftari lile pajani akitembea. Nilimwambia siku moja kwamba ugonjwa si utovu wa nidhamu, nimeisoma sheria ya kazi yote, nimeifunika kwa karatasi ya kaki kama kitabu cha shule. Akanijibu, "Dada, ugonjwa gani unaomshika mtu saa za kazi tu?"

Nikamwambia pia habari ya swichi. Msumeno una swichi mbili za kuuzimia, moja upande wa mpasuaji na moja upande wa mpokeaji. Ya mpokeaji ilikufa mwaka juzi. Niliandika barua tatu, tarehe ninazo. Hakuna fundi aliyekuja. Shika hilo, tutalirudia.

Aliyegundua ugonjwa ni wifi yangu, mke wa kaka. Wewe una masikio mazuri kuliko yake, lakini yeye ndiye aliyesikiliza. Ilikuwa Jumapili mchana, anapiga pasi sare za watoto, na mumewe kalala kwenye kochi. Mkoromo ukakatika. Badala ya kushukuru, wifi aliinua macho akaiangalia saa ya ukutani. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka bila hewa kuingia, kama mtu anayesukuma mlango uliofungwa kwa nje. Akahesabu. Ndipo kaka alipotoa mkoromo mkubwa wa kupasuka, akameza hewa, akaendelea. Wifi akaiacha pasi, akakaa kwenye mkono wa kochi akahesabu tena, na tena, mpaka sare ya mtoto ikaungua.

Alinijia jioni ileile na karatasi.

"Wifi, sekunde thelathini na nane. Nyingine arobaini na mbili. Hii hapa hamsini na moja, nilitaka kumpiga kofi."

"Labda ni jinamizi."

"Jinamizi gani linakuja mara ishirini ndani ya nusu saa? Wewe unayesoma sheria, soma na hii. Kaka yako hafi siku moja. Anakufa kila dakika halafu anaghairi."

Tulimpeleka hospitali kwa nguvu. Alikataa kama mtoto, akasema atapoteza siku ya kazi, akasema mkoromo ni wa ukoo, baba naye alikoroma. Nikamwambia, "Ndiyo, na baba alifia usingizini na miaka hamsini na miwili, tukaambiwa ni kifo chema." Akavaa viatu.

Walimpa kifaa kidogo cha kulala nacho nyumbani, mkanda kifuani na kibanio kidoleni. Siku ya majibu tulikaa wote watatu mbele ya muuguzi wa chumba cha usingizi, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Baba, ukilala nyama za koo zinalegea, njia ya hewa inaziba. Ubongo unakushtua kidogo ili uvute pumzi, wewe hujui kama umeamka. Inatokea mara arobaini na mbili kwa saa."

"Basi hiyo si kulala," kaka akasema. "Hiyo ni kupiga mbizi."

"Ni mbizi hasa. Na moyo ndio unaolipia. Ndiyo maana mchana unasinzia, hujapumzika tangu lini sijui."

Nilimwona kaka anayafikiria maneno yale kwa nguvu zote za mtu aliyechoka. Kisha akauliza polepole, "Kwa hiyo mimi si mvivu?"

"Wewe ni mgonjwa, baba."

Wifi aligeukia dirishani. Mimi nilikuwa nina hasira, na hasira yangu haijui kulia, kwa hiyo niliuliza dawa.

Dawa haikuwa kidonge. Ilikuwa mashine ndogo ya ukubwa wa mkate wa boflo, na bomba laini, na barakoa ya kuvaa puani yenye mikanda ya kufunga kichwani. Mashine inasukuma hewa ya kawaida, hiihii ya bure, kwa msukumo wa kutosha kulishikilia koo lisizibe. Muuguzi alichukua mfuko wa nailoni uliosinyaa, akaupuliza kidogo ukasimama. "Ukiacha kupuliza, unasinyaa tena," akasema. "Mashine haiponyi. Inafanya kazi siku unayoivaa, na siku usiyoivaa ni kama huna."

Halafu akatoa fomu. Hospitali ilikuwa na mashine nne kwa watu wote wa orodha. Unapewa kwa majaribio ya siku thelathini. Mashine ina kumbukumbu yake, inaandika kila saa uliyoivaa. Ukifikisha saa nne kwa siku, na siku ishirini na moja kati ya thelathini, unabaki nayo. Usipofikisha, inarudi na jina lako linakwenda mwisho wa orodha. Kaka akasaini. Nilifurahi. Nilidhani siku ishirini na moja ni kitu kidogo, mtu anavaa kitu analala, basi.

Kila asubuhi nilimuuliza kiwandani, "Umelala nayo?" Akajibu, "Nimelala nayo." Lakini kidevu kiliendelea kushuka, na Komedi aliendelea kupuliza. Siku ya kumi na tisa wifi akanivuta chumbani kwake. Mashine ilikuwa chini ya kitanda, ndani ya mfuko wake. Barakoa haikuwa na hata alama ya jasho.

"Kila siku anaivaa dakika mbili," wifi akasema. "Anawasha, anaivua kama imemuuma, anakaa ukingoni mwa kitanda anaitazama. Kaniapisha nisikwambie."

Kaka alikuwa mlangoni. Mtu mzima, mabega kama fremu ya mlango wenyewe.

"Kaka, unataka kufa?"

"Mdogo wangu, ule upepo." Akajishika uso. "Ukianza tu kunipiga puani, nipo karakana. Nawasikia mnacheka."

Hapo ndipo nilipokaa chini.

Elewa tulichokifanya. Duniani kuna watu wengi wanaovaa barakoa ile, wengine inawabana, wengine inawakausha pua, wanazoea. Sisi tulikuwa tumemfundisha mtu mmoja, kwa miaka minne, kwamba upepo usoni maana yake ni fedheha. Kisha tukampa upepo usoni tukamwambia hii ndiyo dawa, lala.

Kesho yake, muda wa chai, nilipanda juu ya rundo la mbao za daraja la pili. Nimepanda juu ya marundo mengi maishani, nimefukuzwa viwanda viwili kwa kupanda. Niliwaeleza yote: koo, mbizi, mara arobaini na mbili, mashine, siku zilizobaki. Kaka alikaa ameinamisha kichwa. Nilikuwa nimemwomba ruhusa, akasema sema tu. Nilipofika kwenye mpira mwekundu, niliwakumbusha mmojammoja siku aliyoubonyeza. Nilikuwa nazo siku zote. Nikaanza na yangu.

Komedi hakuwa na mzaha wowote. Alisimama anageuzageuza kikombe. "Jalada," akasema, "kwa nini hukusema mapema?"

"Kwa sababu nilikuwa nacheka."

Nikachukua ubao safi wa daraja la kwanza, nikaandika kwa chaki, herufi kubwa: HAPULIZWI MTU. Tukaupigilia misumari juu ya ndoano ya mpira. Wanaume wakaapa, mkono kwenye ubao, mmoja baada ya mwingine. Msimamizi alitutazama kwa mbali akalipiga daftari lake pajani. Nilijiona mshindi siku ile. Naandika hili ili ulijue: nilitembea kwenda nyumbani nikiwa najiona mshindi.

Jioni Komedi alikuja kwa kaka akiwa amevaa shati la kutokea. "Shemeji, hodi. Nimekuja kwa mgonjwa wangu." Wifi alimkaribisha kwa sauti kavu. Akakaa, akaomba mashine, akaivaa mwenyewe. Akawasha. Upepo ukamjaa, mashavu yakavimba, akajaribu kuongea ikatoka sauti ya chura ndani ya debe.

Kaka akamtazama. "Unasemaje?"

Komedi akarudia. Chura yuleyule.

"Sema tena, tairi lako limeisha," kaka akasema, na akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka muda mrefu kiasi kwamba nilidhani anakohoa. Watoto wakaja mlangoni kuangalia. Komedi alikaa na barakoa ile nusu saa nzima anasikiliza kandanda redioni huku anatoa milio, mpaka upepo wa usoni ukawa kitu cha kuchekesha kilichomo nyumbani, kwenye uso wa mtu mwingine. Kisha akaivua, akaifuta kwa kitambaa safi, akampa kaka kwa mikono miwili.

Muuguzi alikuwa ametufundisha kwamba kuna kitufe cha kuanzisha upepo polepole, ukapanda wenyewe mtu akishalala. Tulikitumia. Wifi alikata kitambaa cha maua kutoka kwenye gauni lake kuukuu akakishona kwenye mkanda usimkwaruze shavu.

Siku ya kwanza aliyolala kweli, wifi alimwamsha mara mbili kwa kumtikisa. Hakukuwa na mkoromo wala chochote, alidhani amekufa. Mara ya pili kaka alivua barakoa akamwambia, "Mke wangu, niache nife kidogo, nimechoka."

Siku kumi na moja mfululizo alilala nayo. Watu wa kiwandani walimwona mtu wakamsahau Pono. Alinisimulia kisa kimoja tangu mwanzo hadi mwisho bila kupotea. Aliwasaidia watoto hesabu. Siku ya saba gogo lenye fundo likaja, nikamwona amepunguza kasi kabla ya mlio kubadilika, viganja vimesikia. Akainua macho akaniangalia kupitia unga wa mbao, akanikonyeza. Kama ningekuwa mtu wa kuomba, ningeomba dunia isimame hapo.

Siku thelathini zilipokwisha tulirudisha mashine ikaguliwe, tukijua hesabu haijafika lakini tukitumaini wataona alivyojirekebisha. Muuguzi aliichomeka, akatazama, akaivua miwani.

"Siku kumi na moja."

"Kumi na moja za mwisho," nikasema. "Tazama mpangilio wake. Tangu alipoanza hajakosa hata moja."

"Naona, dada yangu. Fomu inataka ishirini na moja."

"Fomu haina koo."

"Najua. Nitaipeleka kwa kamati na maelezo. Lakini mashine lazima ibaki hapa." Aliivuta mashine upande wake wa meza taratibu, kama mtu anayemchukua mtoto kwa mama aliyelala. Sikumchukia. Nilitaka kumchukia, ingekuwa rahisi.

Kaka akauliza kama anaweza kubaki na barakoa tu. Akaambiwa barakoa bila mashine haina kazi. Akasema anajua, aliuliza tu.

Sasa lile nililokwambia ushike.

Siku nane baadaye, saa nne asubuhi. Uchovu ulikuwa umemrudia wote, na faida juu yake. Nilikuwa nimeinama natia alama. Nilipoinua kichwa nilimwona Komedi, ng'ambo ya msumeno unaozunguka, ameunyakua mpira mwekundu kutoka kwenye ndoano na ameuelekeza kwa kaka. Nilimwona kaka kwa mgongo tu. Mabega yake yalikuwa wima. Uso sikuuona.

Hasira ikanipanda kama maziwa yanayochemka. Baada ya viapo vyote. Kupiga kelele hakusaidii pale, sote tuna pamba masikioni na msumeno unanguruma. Kwa hiyo niliinua chaki yangu, nikaunyooshea ule ubao wa viapo. HAPULIZWI MTU. Komedi akanitazama. Nilimkazia macho. Nikaunyooshea ubao chaki mara mbili zaidi.

Akautupa mpira chini.

Akakimbia. Swichi ya upande wake ni ile iliyokufa, ilibidi azunguke meza nzima ya msumeno kuifikia ya upande wa kaka. Nimepima baadaye, ni hatua nane. Alikuwa kwenye ya sita.

Mkono wa kushoto. Vidole vitatu na kipande cha kiganja. Viganja vile vilivyokuwa vinasikia.

Komedi aliuzima msumeno, akavua shati, akamfunga. Hakunilaumu. Mpaka leo hajanilaumu, na hilo ndilo linaloniondolea usingizi mimi niliye na koo zima. Mpira ule ulikuwa ukatili, na ndicho kitu pekee pale ndani kilichoweza kumfikia. Niliondoa ukatili nikadhani nimeweka usalama. Nilipaswa kuupigilia misumari ubao wa swichi, ubao wa siku kumi na moja, niusimamishe msumeno mpaka mashine irudi. Nilipigania aibu ya kaka yangu, nikaiacha pumzi yake ijipiganie.

Msimamizi alikuja na daftari la kijani damu ikiwa bado mbichi kwenye unga wa mbao. Akaandika: *amesinzia, mara ya tatu*. Nimeuona ukurasa. Mwandiko ni mzuri.

Na hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Kaka alipotoka kwenye upasuaji, daktari wa zamu aliona pumzi inakatika. Akaagiza mashine ya upepo. Ikaja ndani ya dakika tano. Wifi akalishika bomba kumsaidia muuguzi, akasimama palepale kama amepigwa na umeme. Kwenye mkanda kulikuwa na kitambaa cha maua.

Ilikuwa ileile. Siku nane ilikuwa kwenye rafu, ghorofa ya pili, inangoja kamati ikae iamue apewe nani. Hakuna aliyekuwa anaitumia. Hakuna. Kaka yangu alikuwa anapiga mbizi mara arobaini na mbili kwa saa, na mashine yenye kipande cha gauni la mkewe ilikuwa inakusanya vumbi umbali wa dakika ishirini kwa miguu.

Amelala nayo hapa wodini siku tatu. Naandika nikiwa kwenye kiti kando ya kitanda chake, mchana, wifi anasinzia begani kwangu. Mkono uliofungwa umeinuliwa kwenye mto. Kifua kinapanda na hewa inaingia. Amesikia kwamba anaruhusiwa kesho, na swali lake la kwanza halikuhusu mkono. Aliuliza, "Naondoka nayo?" Jibu kwa sasa ni hapana. Kamati inakaa kesho saa mbili asubuhi, hatimaye, na barua waliyotuma inasema mgonjwa alionyesha kutofuata matibabu, na kwamba hakuna mtu nje ya familia aliyethibitisha ukali wa hali yake nyumbani. Mpaka kikao hicho wamemweka namba ishirini na sita kwenye orodha.

Hakuna mtu nje ya familia.

Wewe uko nje ya familia. Umemsikia miaka minne kupitia tofali moja. Unajua mkoromo ulikatika saa ngapi, unajua kimya kilichukua muda gani, uliyajua haya kabla ya wifi, kabla ya muuguzi, kabla ya mashine. Mzaha wako kuhusu mbao za ndotoni ni ushahidi, na sikuzuii kuusema hivyohivyo ulivyousema. Komedi atakuwepo na mpira mwekundu ameukata kutoka kwenye kompresa. Mimi nitakuwepo na chaki yangu, nitasema nilichokifanya nayo. Kinachokosekana ni wewe.

Kama hukai ukutani kwetu, una ukuta wako, na yupo anayelala nyuma yake. Anza na huyo leo, hesabu, na ukifika sekunde ya kumi usigeukie upande wa pili.

Lakini kama ni ukuta wetu, huna la kuhesabu tena. Weka karatasi hii chini. Kesho saa mbili kasorobo, ghorofa ya pili, mlango wa mwisho kulia. Usilete matunda, usije kumpa pole. Njoo uingie kabla hawajafunga mlango, usimame mbele yao, useme ulichokisikia.